Gari la mradi limo ndani ya data yako

Shikamooni wakubwa mliopo, na nyie vijana habari za jioni.

Nimeombwa niongee na nyie mnaokwenda fildi kwa mara ya kwanza, na walionialika walitaka nizungumzie mbinu za kukusanya sampuli. Sasa mbinu mmeshafundishwa darasani na miongozo mnayo, mi leo nataka niongelee gari. Naona wengine mnatazamana, kwamba gari si ni kazi ya dereva na fundi, mtafiti yeye anakaa siti ya nyuma na kompyuta yake anasubiri kufika. Nilikuwa nawaza hivyohivyo. Lakini nimefanya kazi ya sumukuvu kwenye mahindi miaka mingi, na kama kuna kitu kilinifundisha utafiti ni Hilux moja dabo kebini ya mradi iliyokuwa inachemsha, na nikiwaeleza vizuri mtaona kwanini nimeamua kutumia muda wenu kwa jambo hili.

Kwanza tukumbushane kwanini hii kazi ina uzito, maana humu ndani wapo wa udongo, wapo wa mifugo, sio wote wa mahindi. Sumukuvu inatengenezwa na kuvu, hasa huyu anayeitwa Aspergillus flavus, anapenda joto na unyevu, mahindi yakivunwa hayajakauka vizuri yakarundikwa au yakanyeshewa kihengeni basi anaanza kazi. Sumu yenyewe huioni, haina harufu, haina ladha, na ukisonga ugali haiondoki. Mwaka 2004 kule Kenya upande wa mashariki, Makueni na Kitui, waliugua watu 317 wakafariki 125. Mwaka 2016 ikawa hapa kwetu, Dodoma na Manyara, watu wakaanza kuumwa matumbo wanatapika macho yamekuwa ya njano, karibu watu 20 wakafariki, wakiwemo watoto. Watoto waliokula ugali wa nyumbani kwao. Kwahiyo namba tunayoitoa maabara sio ya kupamba tasnifu, ile namba inaweza kuamua mama fulani mahindi yake yaliwe, yauzwe au yafukiwe.

Na namba yenyewe ni ndogo ajabu. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi. Chukua gramu moja tu ya sumu, itawanye ndani ya tani 100, yaani semi tatu zilizojaa na bado mzigo unabaki, hapo ndio umefika kiwango. Kitu kidogo namna hiyo kinaharibiwa na kitu kidogo vilevile.

Haya, turudi kwenye gari.

Msimu huo tulikuwa tunachukua sampuli vijiji vya kule juu, unatoka Morogoro unapita Gairo, unafika Kibaigwa pale kwenye soko la mahindi malori yamepanga mstari, halafu miaka hiyo ni vumbi na makorongo mpaka Kiteto. Gari lilianza kuchemsha siku ya pili. Unapanda kilima mshale wa tempricha unapanda na wewe, dereva anazima eisi, anafungulia hita ili itoe joto huku ndani tunaiva, mwisho anapaki pembeni anafungua boneti tunakaa chini ya mbuyu tunasubiri. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, sote tulimwita Mzee, na sheria yake ilikuwa moja, hamna mtu kugusa mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto, alishaona mtu kaungua uso mzima. Baada ya dakika arobaini ndio anashika kitambaa anafungua taratibu, tunamimina maji ya dumu, maji ambayo tuliyabeba tunywe, tunaondoka.

Fundi wa kwanza alitoa themostati akaitupa. Hii mmeiona wote, gari likichemsha tu dawa ni kutoa themostati. Ile inakaa imefunga mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu ndio inafunguka maji yazunguke kwenda kwenye rejeta, ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata joto lake na mafuta inakula zaidi. Siku hiyo gari likatembea vizuri, kesho yake likachemsha. Fundi wa pili akasema rejeta imeziba, ikashushwa ikazibuliwa, gari likatembea siku nzima na nusu, likachemsha. Fundi wa tatu akasema wota pampu, tukaagiza spea Dar ije na basi, siku tatu gari liko juu ya mawe uani kwa fundi na sisi tuko gesti tunahesabu hela ya posho inavyoisha. Ikafungwa. Gari likatembea siku mbili. Likachemsha.

Niwaambie ukweli, jioni ya siku hiyo nililia. Nilikuwa na mwaka mmoja umebaki wa ufadhili, mavuno hayasubiri mtu, mahindi yakishauzwa au kupukuchuliwa na kuchanganywa huwezi kurudi kuyachukua kama yalivyokuwa. Nikampigia msimamizi wangu nikamwambia gari, akanijibu kila mradi una gari bovu, jitahidini. Alikuwa na nia njema lakini lile neno lilinifunga mdomo, tangu hapo sikuandika tena habari za gari kwenye ripoti ya wiki. Shikeni hapo kwenye mdomo kufungwa, nitaparudia.

Aliyetutoa ni kijana mmoja pale Kibaigwa, fundi wa malori, tena hakuwa na gereji bali boksi la spana na mti wa kivuli. Yeye hakufungua kitu. Aliuliza maswali kwanza, linachemka mkipanda au hata tambarare, maji yanapungua mnayaona yakivuja chini au hamuoni, likipoa maji yaliyoko kwenye kichupa cha akiba cha pembeni yanarudi kwenye rejeta au yanabaki. Halafu akashika mfuniko wa rejeta akaubonyeza kwa dole gumba akatuonyesha, mpira umekatika na springi imelegea. Kazi ya ule mfuniko sio kuzuia maji yasimwagike tu, unashikilia presha. Mifuniko mingi inashika kama baa moja hivi, na maji yakiwa chini ya presha hiyo yanakwenda mpaka karibu nyuzi 120 kabla hayajachemka. Ukiondoa presha, kwa nchi ya juu kama Dodoma, mita 1,100 na kidogo kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 96 tu. Sasa injini ya dizeli iliyobeba watu watano na mzigo inapanda kilima saa nane mchana, inafika 96 bila jasho. Maji yanageuka mvuke, yanatoka kwenye kichupa kidogokidogo, huoni yakivuja, ukija kushtuka rejeta iko nusu.

Na kilichonishika sana ni alichofanya baadae. Aliazima mfuniko mzima kwenye gari nyingine kama letu iliyokuwa imepaki pale, tukazunguka nalo na mzigo wote barabara ya kupanda, mshale ukatulia. Nikasema asante fundi tulipe twende. Akasema subiri dada. Akatoa ule mzima akarudisha ule mbovu kwa makusudi, tukazunguka barabara ileile, mshale ukapanda. Akarudisha mzima, ukatulia. Ndio akasema sasa tafuteni mfuniko mpya, nimehakikisha.

Vijana, mi nilikuwa na digrii mbili wakati ule na sikuwa nimewahi kuona kontroli imefanywa kwa usafi namna ile. Anabadilisha kitu kimoja, vingine vyote viko vilevile, barabara ileile, mzigo uleule, halafu anarudisha nyuma aone kama tatizo linarudi. Wale mafundi watatu walifanya nini? Kila mmoja alibadilisha spea yake, na kila mmoja alipomaliza alijaza maji mapya rejeta mpaka juu. Gari lilipona kwa sababu ya maji kujaa, wao wakasema limepona kwa sababu ya spea, na sisi tuliosoma tukakubali. Hilo kosa ndio hilohilo tunalifanya maabara kila siku, jaribio limekataa, unabadilisha rijenti, yaani kemikali ya kupimia, unabadilisha muda, unabadilisha pipeti, yote kwa siku moja, limekubali, unaandika ni rijenti. Kwani unajuaje?

Nilirudi na somo hilo nikidhani ndio mwisho wa habari, kumbe habari yenyewe ilikuwa bado iko nyuma ya gari.

Sampuli za vijiji viwili vya mwisho tulikuwa tumezichukua kabla tu ya zile siku tatu za wota pampu. Tulichoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, tukaweka kwenye mifuko ya plastiki, tukafunga, tukaandika namba kwa maka peni. Mahindi ya nyumba nyingi yalikuwa hayajakauka sawasawa, ilikuwa asilimia 16, 17, na kuvu anatulia ukishuka kama 13. Mpango ulikuwa tufike maabara jioni ileile tuyakaushe. Badala yake yakakaa siku tatu nyuma ya pikapu chini ya turubai, uani kwa fundi, jua la Kiteto juu, unyevu umefungiwa ndani ya plastiki hauna pa kutokea. Ukitaka kumfuga yule kuvu kwa makusudi utafanya hivyohivyo.

Maabara majibu yakatoka, vile vijiji viwili viko juu sana, mara nyingi zaidi ya kiwango, na vijiji vya jirani viko chini. Tulifurahi, naomba niliseme kama lilivyokuwa, tulifurahi kwa sababu tumepata tofauti kubwa na tofauti kubwa inaandikika. Tukaanza kujenga maelezo, udongo, aina ya mbegu, namna wanavyohifadhi, kila mtu ana nadharia yake nzuri. Tukaanza hata kuandaa taarifa ya kupeleka wilayani.

Aliyetusimamisha ni Mzee. Alikuwa na daftari lake dogo la gari, kila siku anaandika kilomita, lita za mafuta, tumelala wapi, gari limeharibika nini na saa ngapi. Tulimuomba atupe tarehe za safari kwa ajili ya marejesho ya mafuta, yaani uhasibu tu, hatukuwa tunatafuta kingine. Nikakaa nalo naandika, nikaona tarehe za gereji, nikaziweka pembeni ya tarehe za sampuli. Mikono ikawa ya baridi. Kila mfuko uliokuwa juu sana ulikuwa umelala uani kwa fundi, na ambao haukulala pale haukuwa juu vile.

Tukarudi. Tulipata mfuniko mpya na tukarudi kwenye nyumba zilezile, wengi bado walikuwa na mahindi yaleyale ya kula. Nakumbuka mama mmoja, nikamwamkia nikamwambia mama tunaomba tena kidogo yale ya kwanza tuliyaharibu njiani. Akaniuliza, mwanangu, na majibu ya yale ya kwanza mlishayasema kwa mtu? Nikamwambia hapana mama. Akashusha pumzi. Kumbe maneno yalishaanza kutembea kwamba watu wa utafiti wanasema mahindi ya huku yana sumu, na madalali wanaonunua kupeleka Kibaigwa walishaanza kuuliza maswali. Ile safari ya pili tukatumia mifuko ya karatasi, tukapima unyevu palepale mlangoni, tukakausha siku hiyohiyo. Nyumba chache zilikuwa juu kweli na tuliwaambia, wakaacha kuyala. Zilizobaki zilikuwa sawa na vijiji vya jirani.

Mnaelewa sasa kwanini nasema gari limo ndani ya data? Kwenye tasnifu zetu zote, na yangu ya kwanza ikiwemo, kuna ile sentensi, sampuli zilisafirishwa mpaka maabara. Imeisha. Sentensi moja. Ile sentensi ilikuwa inameza siku tatu, wota pampu, turubai na plastiki. Na sababu ya kuimeza ni ule mdomo uliofungwa, tumefundishana kwamba gari kuharibika ni aibu ya utawala, sio jambo la kisayansi, ukiliandika unaonekana unatafuta visingizio. Mi naumia nikiona mwanafunzi ameficha kitu kama hiki kwa kuogopa msimamizi, wakati pengine hicho alichoficha ndio jibu lenyewe.

Na sio gari tu. Friza ni gari. Umeme ukikatika usiku Ijumaa ukarudi Jumapili utakuta friza inaunguruma vizuri na barafu imejaa, hujui kwamba ndani iliyeyuka ikaganda tena, labda uwe umeacha kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake, ukikuta sarafu imezama chini umeshajua. Vipimo vya ELISA, vile vya kupimia sumu maabara, vikikaa bandarini au uwanja wa ndege kwenye joto vikisubiri karatasi ni gari. Rijenti ni gari. Mkumbuke mwaka 2008 kuingia 2009 dunia nzima ilikosa asetonitraili, kile kimiminika tunachoendeshea mashine ya HPLC, inayotenganisha na kupima sumu, bei ikapaa, maabara nyingi zikasimama. Sababu zilikuwa kadhaa, kulikuwa na kimbunga Marekani kilichofunga kiwanda, China walizima viwanda kusafisha hewa ya Olimpiki ya Beijing, lakini mojawapo kubwa ilikuwa ni magari. Asetonitraili haitengenezwi yenyewe, ni mabaki yanayopatikana wakati wa kutengeneza akrilonitraili, na akrilonitraili inakwenda kwenye plastiki ya ABS, hizi plastiki ngumu za dashibodi na vifaa vya umeme. Uchumi ukaanguka, watu wakaacha kununua magari, viwanda vikapunguza plastiki, mabaki yakapungua, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayepima sumukuvu akakosa kimiminika cha kuendeshea mashine yake. Kwahiyo mtu akikwambia mambo ya magari hayahusiani na kemia yako, mweleze hiyo.

Niongeze moja ya gari langu mwenyewe la kutembelea maana inahusu mashine na mnazipenda sana mashine. Taa ya cheki injini iliwaka, nikaenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kodi, ikasoma P0171. Akasema badilisha sensa ya oksijeni, nikabadilisha, taa ikazimwa, wiki haijaisha ikawaka. Kodi ile haikusema sensa imekufa, ilisema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Kwanini hewa ni nyingi, hiyo mashine haijui. Ilikuwa ni ule mpira mnene wa kupitishia hewa kutoka kwenye kisafishio kwenda kwenye injini, umepasuka chini kwenye mkunjo ambapo macho hayafiki, unaingiza hewa ambayo sensa ya mbele haikuihesabu. Kumbe ile sensa niliyoitoa ilikuwa nzima na ilikuwa inasema kweli. Na ndivyo ilivyo namba ya maabara, inakwambia kuna mikrogramu kadhaa kwenye hii sampuli saa hii, haikwambii zilizaliwa kihengeni au nyuma ya pikapu. Kulijua hilo ni kazi yako wewe, na hakuna pa kulijulia isipokuwa kwenye kumbukumbu ulizoandika.

Sasa kwa wiki ijayo. Mmeandika bajeti na mstari wa gari una mafuta na posho ya dereva tu, nimeziona. Rudini mkaweke matengenezo, siku za akiba, na hela taslimu ya spea atakayoishika mtu mliyekubaliana, maana mkiwa porini hamna fundi atakayesubiri mkusanye profoma tatu, yaani karatasi za bei za wauzaji watatu. Anayepitia bajeti akikata ule mstari, muulizeni kwa heshima sampuli zitalala wapi gari likisimama, na mpige picha majibu yake. Kila mfuko uwe wa karatasi, na unyevu upimwe mara mbili, mlangoni kwa mkulima na mlangoni kwa maabara, namba mbili zikitofautiana mtajua njiani kuna kitu kilitokea hata kama hamna aliyesema. Na daftari la gari lisiwe la uhasibu. Nimewapa kila timu moja, lina safu ya tarehe, saa, gari liko wapi, sampuli zipi zimo ndani, joto la nyuma ya gari, na nafasi kubwa ya maelezo. Anaandika dereva na anaandika mtafiti, wote wawili, na dereva mnamsalimia, mnamuuliza, mnamsomea majibu yakitoka. Mzee wetu ameshastaafu. Lile daftari lake aliniachia, ninalo hapa, ukurasa wa zile siku tatu umelowa oili pembeni, mkitaka kuliona mje mbele tukimaliza.

Gari la timu ya kwanza linaondoka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, mfuniko wa rejeta nimeushika mwenyewe leo asubuhi, ni mzima, na wa akiba uko kwenye boksi chini ya siti. Haya, wewe pale nyuma uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja friza, simama tukusikie.